Maswali ya Wasomaji: Daktari Bingwa Anaporudi Kujifunza Moyo wa Kurithi

Toleo lililopita la safu hii lilieleza kwa ufupi kwamba magonjwa ya moyo ya kurithi yana ubobezi wake ndani ya taaluma ya moyo, na kwamba daktari bingwa, hata aliyefanya kazi miaka mingi, hulazimika kwenda katika hospitali iliyobobea ili ajifunze namna ya kuyatambua na kuyafuatilia. Barua zilizofuata ni nyingi, na sehemu kubwa zimetoka hapa Dodoma na mikoa ya jirani. Nimechagua sita. Majina nimeyaondoa yote, kwa sababu katika mambo haya ugonjwa wa mtu mmoja ni habari ya ukoo mzima.

Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kondoa. Mume wangu alianguka shambani akafariki akiwa na miaka 38, na kabla yake mdogo wake alifariki usingizini akiwa bado kijana. Watu wa ukoo wamesema mengi, mengine juu yangu. Mwanangu mkubwa wa kiume ana miaka 14, na sasa anasema akikimbia anasikia kizunguzungu. Tulimpeleka hospitali, akapimwa ECG, tukaambiwa hana tatizo. Huyo daktari unayesema anakwenda kujifunza magonjwa haya angefanya nini ambacho hakikufanyika?

Marahaba mama, na pole sana kwa misiba hiyo miwili.

Niruhusu nianze na mtoto. Kijana anayesikia kizunguzungu anapokimbia, ambaye baba yake na baba yake mdogo wamefariki ghafla wakiwa na umri mdogo, anapaswa kuonwa na daktari wa moyo mapema iwezekanavyo, hata kama karatasi ya ECG ilionyesha hali nzuri. Mpaka aonwe, asikimbie, asicheze mpira na asiogelee, na mwalimu wake aelezwe sababu. Omba rufaa ya maandishi, na usikubali iandikwe «kizunguzungu» peke yake; vifo vile viwili viandikwe pia, pamoja na umri wa kila marehemu, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyomfanya daktari atakayempokea asiichukulie safari yenu kwa wepesi. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ina huduma za moyo, na yanayozidi uwezo hupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam. Akizimia wakati wowote, hiyo ni dharura ya saa ileile.

Sasa nijibu ulichouliza. ECG ni kipimo cha umeme wa moyo kwa sekunde chache, mgonjwa akiwa amelala kitandani ametulia. Yapo magonjwa ya kurithi ambayo hujificha kabisa mtu anapotulia na kujitokeza pale tu anapokimbia, anapogombana au anaposhtuka. Yapo mengine ambayo kipimo huwa sawa leo na kuwa na kasoro mwezi ujao. Kwa hiyo daktari aliyefunzwa hasa kwa magonjwa haya, kabla hajamlaza mtoto kitandani, angekaa na wewe na kukuuliza juu ya marehemu. Mume wako alikuwa akifanya nini dakika ile, alikuwa akilima kwa nguvu au amepumzika? Aliwahi kuzimia utotoni na watu wakadhani ni kifafa? Alikuwa na homa? Kuna dawa aliyokuwa ameanza kunywa wiki hiyo? Mdogo wake alikufa usiku katikati ya ukimya, au aliamshwa kwa kelele? Maswali haya yana maana yake. Kuna aina ya ugonjwa wa QT ndefu (QT ni muda ambao umeme wa moyo huchukua katika pigo moja, na hapa hurefuka kupita kawaida) ambayo hushambulia wakati wa mazoezi, na hasa wa kuogelea. Aina ya pili huamshwa na mlio wa ghafla kama wa simu au saa ya kengele. Aina ya tatu humkuta mtu usingizini. Ugonjwa mwingine uitwao Brugada, ambao ndugu wawili madaktari wa moyo, Pedro na Josep Brugada, waliueleza mwaka 1992, huchochewa na homa kali.

Baada ya hapo angechora ukoo, vizazi vitatu, mduara kwa mwanamke na mraba kwa mwanamume, na mstari wa mshazari juu ya aliyefariki. Angetaka kuwaona watoto wako wote watatu, wasichana kwa wavulana, hata wasiolalamika chochote, pamoja na ndugu wa baba walio hai. Kisha vipimo vingeendelea: eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya kuangalia unene wa misuli na mwendo wa vali, kipimo cha kukimbia kwenye mashine huku umeme wa moyo ukirekodiwa, na kifaa cha Holter kinachovaliwa kwa saa 24 au zaidi.

Watu wengi wa kwetu wanafahamu urithi wa selimundu, ambapo mtoto huugua akipokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Mengi ya magonjwa haya ya moyo hayako hivyo. Mzazi mmoja anatosha, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kukirithi, bila kujali kama wakubwa wake walikirithi au walikikosa. Wengine hukirithi wakazeeka bila dalili, na ndiyo maana ugonjwa huonekana kama umeruka kizazi.

Sijamwona mwanao, kwa hiyo sisemi kwamba anao. Lakini ikithibitika kuwa ugonjwa uliomchukua mume wako ni wa aina hii, basi alizaliwa nao. Hakuna aliyemtupia, na wewe hukuuleta ndani ya nyumba ile. Ningependa daktari atakayewapokea awaeleze hayo wazee wa ukoo wakiwa wameketi pamoja nawe, na mimi nahesabu maelezo hayo kuwa sehemu ya tiba.

Daktari, mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa ya moyo. Nina nafasi ya kuomba mafunzo ya mwaka mmoja nje ya nchi katika magonjwa ya moyo ya kurithi. Umri wangu umekwenda kidogo, na miongozo yote ipo mtandaoni. Nitajifunza nini huko ambacho sikipati kwa kusoma, na niangalie nini ninapochagua hospitali?

Daktari mwenzangu, nakuomba uende. Umri wako ni faida, kwa sababu fani hii inahitaji mtu aliyekwisha kuona mioyo mingi ya kawaida na mingi yenye magonjwa ya kawaida.

Fani yenyewe ilianza kwa wafu. Mwaka 1958 Donald Teare, mchunguzi wa maiti wa Hospitali ya St George's, London, aliandika juu ya watu wanane ambao ukuta unaotenganisha pande mbili za moyo ulikuwa umenenepa isivyo kawaida. Wengi wao walikuwa vijana waliokufa ghafla, na baadhi yao walikuwa ndugu wa damu. Ilipofika mwaka 1990 watafiti wa Boston walionyesha kinasaba cha kwanza kinachosababisha ugonjwa huo. Hivi leo vinasaba vinavyohusika na magonjwa ya msuli na umeme wa moyo vinajulikana kwa makumi, na Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo ilitoa mwaka 2023 mwongozo wake wa kwanza unaojumuisha aina zote za kadiomayopathi, yaani magonjwa ya msuli wa moyo. Mwongozo huo unaweza kuusoma ukiwa nyumbani kwako Area C. Usichoweza kukisoma ni namna ya kuamua pale ambapo vipimo vinapingana.

Chukua mfano wa QT. Mashine inakupa namba, na sisi tuliozoea kliniki zenye foleni ndefu tunaiamini. Katika kliniki ya magonjwa haya utakalishwa na rula na karatasi ya ECG, utafute lidi ya pili au V5 (lidi ni upande ambao mashine inautazamia moyo), uchore mstari kufuata mteremko mkali wa wimbi la T hadi unapokata msingi, na uache wimbi la U nje ya hesabu. Kisha utagawanya kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya mapigo mawili, kwa kanuni ambayo Bazett aliitoa mwaka 1920. QT ya milisekunde 440 kwa mtu mwenye mapigo 60 kwa dakika inabaki 440. QT hiyohiyo kwa mwenye mapigo 75 inakuwa karibu 492, na hapo tayari umevuka 480, kiwango ambacho kikirudiwa na kuthibitika, bila dawa wala upungufu wa potasiamu wa kukieleza, kinatosha kuita ugonjwa kwa jina lake. Mkono wako utazoea hesabu hiyo baada ya karatasi mia kadhaa, ukisahihishwa na mtu aliyezoea kabla yako.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na kwetu lina uzito wa pekee. Utafundishwa kutofautisha moyo ulionenepa kwa kurithi na moyo ulionenepa kwa presha. Ulaya mtu mwenye ukuta wa milimita 15 hushukiwa mara moja; hapa kwetu, ambapo presha isiyotibiwa ni ya kila siku, ukimshuku kila mmoja utaogopesha koo nzima bila sababu, na usipomshuku yeyote utamkosa yule ambaye presha yake ni ndogo mno kueleza unene ule. Vivyo hivyo kwa wanamichezo. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vinakiri wazi kwamba wanamichezo weusi wanaweza kuwa na wimbi la T lililopinduka katika V1 hadi V4, likitanguliwa na sehemu ya ST iliyoinuka kwa mviringo, na wasiwe na ugonjwa wowote. Daktari asiyejua hilo atamfungia kijana mzima maisha yake ya mpira.

Na vinasaba navyo vina mtego wake. Maabara hupanga kila badiliko la kinasaba katika madaraja matano, kuanzia lile lisilo na madhara hadi lile linalosababisha ugonjwa, na katikati lipo daraja la mashaka. Badiliko la daraja hilo la katikati halitumiki kumwambia mtoto kuwa amesalimika wala kuwa amerithi, na wengi wanakosea hapo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi walikuwa wameambiwa wana mabadiliko yanayosababisha unene wa msuli wa moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika na hayana madhara. Hifadhidata zilizolinganishwa zilikuwa zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa hiyo uendapo, nenda ukijua kwamba wagonjwa wako wa baadaye hawapo vya kutosha katika hifadhidata hizo, na umwulize kila mwalimu wako swali hili: badiliko hili limeonekana kwa Waafrika wangapi?

Kuhusu kuchagua hospitali, mimi ningeangalia mambo machache. La kwanza ni kama utamgusa mgonjwa au utasimama pembeni ukitazama. Uingereza, kwa mfano, huwezi kumtibu mgonjwa bila usajili wa baraza lao la madaktari; upo mpango wa MTI unaowachukua madaktari wa nchi kama yetu kwa muda usiozidi miaka miwili, wakafanya kazi wakijifunza kisha wakarudi kwao. Nafasi ya mtazamaji tu ina thamani kwa wiki chache, lakini mwaka mzima wa kutazama ni mwaka uliopotea. La pili ni kama hospitali hiyo ina kliniki ya familia, yaani mahali ambapo ndugu huonwa pamoja, na kama ina kikao cha kila wiki kinachowakutanisha daktari wa moyo, mtaalamu wa vinasaba, msomaji wa MRI na mchunguzi wa maiti juu ya ukoo mmoja. Uingereza ilianza kusukuma kliniki za aina hiyo mwaka 2005, pale mpango wao wa taifa wa magonjwa ya moyo ulipoongezewa sura juu ya mapigo yasiyo sawa na vifo vya ghafla.

Usiidharau Cape Town. Hospitali ya Groote Schuur, ileile ambamo Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa kwanza wa binadamu tarehe 3 Desemba 1967, imejenga utaalamu wa muda mrefu katika kadiomayopathi, na timu iliyomhusisha Profesa Bongani Mayosi, aliyefariki mwaka 2018, ilitangaza mwaka 2017 kinasaba cha CDH2 kuwa chanzo cha ugonjwa unaoharibu upande wa kulia wa moyo, baada ya kuufuatilia ukoo mmoja wa Afrika Kusini kwa muda wa miaka ishirini hivi. Huko utawaona wagonjwa wanaofanana na wako, wenye presha, kifua kikuu na VVU juu ya ugonjwa wa kurithi. Kama ningechagua kwa niaba yako, ningeanzia miezi michache JKCI ili nijue rufaa zetu zinakwamia wapi, nikaenda Cape Town kwa sehemu kubwa ya mwaka, na Ulaya nikaenda kwa muda mfupi kwa ajili ya vinasaba peke yake.

Na usiende peke yako. Uongozi wako ukikubali, aende pia muuguzi mmoja na mpimaji wa eko mmoja, hata kwa wiki sita. Daktari anayerudi peke yake na cheti hujikuta kwenye foleni ileile ya wagonjwa mia wa presha, na baada ya mwaka mmoja ukoo alioukusudia kuuchora bado haujachorwa. Kabla hujapanda ndege, pata ahadi ya maandishi ya siku moja ya kliniki kila wiki utakaporudi, na ya chumba chenye viti vya kutosha familia.

Mimi ni mtumishi mstaafu, mkazi wa Makole. Watu wetu wanaumwa presha, kisukari, wanaanguka na bodaboda. Kina mama bado wanapata shida wakati wa kujifungua. Ni haki kweli fedha za umma zimsomeshe bingwa aliyekwisha soma, kwa ajili ya ugonjwa wa watu wachache?

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki, na sitalipunguza uzito. Presha na ugonjwa wa vali unaotokana na maambukizi ya koo utotoni vinaua Watanzania wengi kuliko magonjwa haya, na mganga mkuu wa mkoa mwenye fedha kidogo hana budi kuanzia huko.

Lakini uchache wenyewe tuutazame. Unene wa msuli wa moyo wa kurithi, ambao ni mmoja tu kati ya magonjwa haya, umekadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 500. Makadirio hayo yametokana na vijana wa Marekani, kwa hiyo nayatumia kupata picha tu ya ukubwa wa jambo. Mkoa wa Dodoma, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya milioni 3, na kwa uwiano huo tungekuwa na watu 6,000 hivi. Wengi wao hawataugua sana. Wachache watakufa uwanjani, shambani au darasani, bila onyo, wakiwa na watoto wadogo.

Kuhusu gharama, kitu ambacho wengi hawakitarajii ni kwamba dawa ya kwanza ya magonjwa kadhaa kati ya haya ni propranololi au ndugu zake, vidonge vya zamani na vya bei nafuu ambavyo duka la dawa la kawaida linavyo. Kilicho ghali ni kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kiushtue moyo unapokwenda mbio za mauti, na daktari aliyefunzwa vizuri ndiye anayeweza kusema ni nani kati ya ndugu wanane anakihitaji na ni nani saba hawakihitaji. Anaokoa fedha pia kwa kuwaondolea watu ugonjwa wasiokuwa nao. Ukoo ukishajua badiliko lake la kinasaba, mtoto asiyelirithi huambiwa aende zake na hahitaji tena eko maisha yake yote, wakati aliyelirithi hurudi kliniki kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu katika umri wa kukua, na kwa vipindi virefu zaidi akishakuwa mtu mzima. Kuhusu kina mama uliowataja, baadhi ya wale ambao moyo hutanuka na kushindwa kazi mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua wana mabadiliko katika kinasaba kilekile cha titini kinachoonekana katika koo zenye moyo uliotanuka. Hivyo bingwa huyu anawahusu na wao.

Mimi ni muuguzi Manyoni. Katika haya yote, sisi wauguzi tuna nafasi gani? Au ni mambo ya mabingwa watupu?

Ndugu muuguzi, bila nyinyi kliniki ya aina hii haisimami hata mwezi. Fikiria mlichokwisha kujifunza kwa VVU: kumwandaa mtu kabla ya kipimo, kumpa majibu mazito bila kumvunja, kumsaidia kumwambia mwenza na ndugu, na kutunza siri wakati kijiji kizima kinauliza. Kazi ya kuupima ukoo ngazi kwa ngazi, kuanzia kwa mgonjwa wa kwanza hadi kwa binamu, inahitaji ustadi huohuo. Katika nchi nyingi zenye kliniki hizi, anayechora ukoo na kuwapigia ndugu simu ni muuguzi au mshauri nasaha wa vinasaba, na daktari huja baadaye kusoma vipimo. Nyinyi mmeshazoea nusu ya kazi hiyo. Iliyobaki ni kujifunza urithi na lugha ya ripoti za maabara.

Kuna jambo moja unaloweza kulianza kesho kituoni kwako. Mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na QT ndefu asipewe dawa bila kuangaliwa kwanza. Erithromaisini, azithromaisini, klorokwini na halopiridoli ya wagonjwa wa akili zinaweza kuirefusha QT zaidi. Kuharisha na kutapika kunakopunguza potasiamu ni hatari vilevile. Hata dawa mseto ya malaria, ALu, ina tahadhari yake kwa watu hawa. Simaanishi kwamba wasitibiwe malaria. Malaria isiyotibiwa itawaua mapema zaidi. Maana yake ni kwamba wapimwe ECG, daktari ashirikishwe, na jina la ugonjwa liandikwe kwa wino mwekundu juu ya kadi. Kwa mwenye Brugada, homa ishushwe mara moja kwa parasetamoli wakati chanzo kinatafutwa.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi wa masikio yote mawili na ambaye huzimia, usimwandikie kifafa kabla ya ECG. Upo ugonjwa wa kurithi, ulioelezwa mwaka 1957 na madaktari wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, unaounganisha uziwi wa kuzaliwa na QT ndefu, nao huua watoto wadogo usipotibiwa.

Mimi ni mwalimu wa michezo Mpwapwa, huwaandaa vijana kwa UMISSETA. Hatuna daktari wala mashine. Nifanye nini?

Mwalimu, uliza kila mchezaji maswali mawili kabla ya mazoezi ya kwanza: umewahi kuzimia au kuumwa kifua ukiwa unakimbia, na je, kuna ndugu yako wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo linampeleka kwa daktari kabla ya kuvaa jezi. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, bila kuguswa na mtu, na uchunguzi ulikuta msuli wa moyo wake umenenepa. Alikuwa mchezaji wa kulipwa mwenye madaktari wa timu.

Mchezaji akianguka hivyo, asipojibu na asipopumua sawasawa, usimmwagie maji wala usisubiri. Tuma mtu akatafute gari, piga magoti, weka viganja viwili katikati ya kifua, na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kiinuke kila mara. Mkichoka mpokezane. Omba hospitali yenu ya wilaya iwafundishe walimu wote kabla ya msimu. Mchana mmoja unatosha.

Shikamoo Daktari. Nasoma udaktari UDOM, mwaka wa nne. Ningependa ubobezi huu. Njia yake ni ipi, na ni ndefu kiasi gani?

Marahaba mwanangu. Ni ndefu, na ni afadhali uijue mapema. Shahada ya kwanza ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Baada ya hapo kuna miaka mitatu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani au ya watoto, na kwa kawaida hutanguliwa na muda wa kazi. Ubobezi wa moyo hufuata. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinao, kwa miaka mingine miwili. Magonjwa ya kurithi huja juu ya hayo yote, kwa mafunzo ya mwaka mmoja au miwili hospitalini, kama yale anayoyaomba daktari aliyeandika hapo juu. Kila hatua isajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote ya nje uwaulize kama watakitambua cheti chake.

Wakati huu ukiwa wodini, historia ya familia usiiandike kwa neno moja la «hakuna». Uliza kila mzazi, kila mtoto wa mama mmoja na wa mama mwingine, nani yuko hai, nani amefariki, akiwa na umri gani na akifanya nini. Uliza pia nani ni baba mkubwa wa damu na nani ni wa heshima, kwa kuwa kwetu majina ya undugu yanapanuka kuliko damu, na mchoro wa ukoo ukikosea hapo utampeleka kliniki asiyehusika na kumwacha nyumbani anayehusika.